Katoni ya Nashon

Kompyuta haina adabu ya kumwandaa mtu kwa habari mbaya. Binadamu atakohoa kwanza, atakuuliza umeamkaje, atakuvutia kiti. Kompyuta ya godauni ya dawa huko Kawangware ilimwambia Mercyline Nekoye, saa tatu asubuhi ya Jumatatu moja ya Agosti mwaka wa tisini na saba, kwa maandishi ya kijani yasiyo na salamu, kwamba jedwali la mwezi wa Machi halipo. Akaitisha la Aprili. Halipo. La Mei. Halipo.

"Jaribu tena," alisema Bwana Murunga, meneja, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Nimejaribu mara tatu, bosi."

"Jaribu ya nne."

Alijaribu ya nne. Bwana Murunga alikuwa mtu wa kufoka, na asubuhi hiyo hakufoka, jambo lililomtisha Mercyline kuliko makelele yote aliyowahi kuyasikia kutoka kwake. Mkononi alishika karatasi ya faksi.

Faksi ilitoka kwa watengenezaji. Dawa ya maji ya homa ya watoto, ile ya chupa ya kahawia, bachi namba 0417, yaani mkupuo wa kiwandani wenye namba hiyo, iliingiliwa na kitu kibaya ikipikwa. Isiuzwe, isinywewe. Mtoto akiinywa homa itashuka na mama atafurahi, kisha mtoto ataacha kukojoa. Hapo ujue figo zinaziba. Bwana Murunga aliisoma sentensi hiyo mara mbili kwa sauti.

Bachi 0417 iliingia godauni mwezi wa Machi, na kufikia mwisho wa Mei ilikuwa imeshatoka yote. Imekwenda wapi? Hapo ndipo penye kazi. Godauni ilipelekea dawa kliniki na maduka zaidi ya mia mbili, za Kawangware, za Kibera, na nyingine huko magharibi hadi mpakani. Risiti za karatasi ziliandikwa katoni tatu za dawa ya homa, sahihi, basi. Namba ya bachi ilikaa ndani ya kompyuta peke yake, kwenye majedwali ya kila mwezi. Ukiwa nayo, unabonyeza vitufe vitano na kompyuta inakutajia kila mlango uliopokea 0417. Usipokuwa nayo, una pikapu mbili na milango mia mbili, na mingi ya milango hiyo haijawahi kuona simu.

"Wiki mbili," alisema Bwana Murunga. "Tukizunguka kila mahali ni wiki mbili. Na mtoto anapewa dawa mara tatu kwa siku. Zingine bado ziko kwa shelf, Nekoye. Hizo ndio tunaweza kuokoa."

Mercyline alianza kutafuta kama anayetafuta ufunguo uliopotea ndani ya nyumba, kuanzia palipo karibu. Kwanza alidhani ni stima. Ilikuwa imekatika Jumapili, na stima ya Kawangware ikirudi hurudi kwa hasira. Lakini jedwali la wateja lilifunguka sawasawa. Juni na Julai, miezi aliyoiingiza yeye mwenyewe, ilifunguka. Diski iliyoharibika haichagui miezi.

"Kuna mtu amefuta," alisema Bwana Murunga. "Nani amefuta?"

"Sijui bado."

Alipekua diski yote ya kompyuta kubwa, folda kwa folda. Hakuna. Ndipo akakumbuka lile faili dogo ambalo programu hulisoma kila inapowaka, linaloieleza kila jedwali linakaa wapi. Akalifungua. Wateja, hapa. Juni, hapa. Julai, hapa. Machi, Aprili na Mei: diski E.

Kompyuta kubwa haikuwa na diski E. Mercyline aligeuza kichwa polepole. Kwenye meza ya pili, meza ambayo hakuna aliyetaka kuikalia tangu Juni, palikuwa na kompyuta ya marehemu Nashon Osewe, iliyounganishwa na ile kubwa kwa waya, na kifuani mwa kompyuta hiyo palikuwa na tundu la mraba, tupu, lenye vumbi.

Aliingiza kidole tunduni, akakitoa na vumbi.

Nashon ndiye aliyekuwa fundi wa programu ile. Kompyuta kubwa ilipojaa, na wakubwa walipoombwa nyingine wakajitia viziwi, Nashon alishuka mjini, barabara ya Luthuli kwenye maduka ya vifaa vya umeme, akajinunulia diski yake mwenyewe. Ilikaa ndani ya kasha la chuma lenye mpini, unalisukuma ndani ya kompyuta kama droo, unageuza ufunguo mdogo. Miezi ya zamani aliihamishia humo. Kila mtu alijua kasha ni la Nashon. Alichokuwa ameweka ndani, hilo hakuna aliyemuuliza.

Aliugua Jumatatu ya kwanza ya Juni, na Ijumaa wakaambiwa hayupo. Siku zilizofuata watu walikuwa wakipita pale mezani wameinamisha macho wasikione kikombe chake. Vitu vya marehemu haviachwi ofisini kama takataka. Hukusanywa, vikapelekwa kwa watu wake, vikasubiri siku ya wazee kukaa kitako na kuvigawa. Mercyline alikuwa ameketi jirani ya Nashon miaka mitano, akaona heshima hiyo ni yake. Alitoa kila kilichokuwa mezani na kwenye droo, akapanga kwenye katoni, akafunga kwa kamba ya katani, akaandika orodha kwa mkono wake, akaipeleka kwa mjane Kibera. Watu walimsifu. Bwana Murunga mwenyewe alimwambia amefanya utu.

Na sasa? Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema stima. Nani angejua? Alifikiria kibarua chake, na wanawe wawili waliokuwa shuleni saa hizo wakijua mama yao ni mtu wa maana anayeketi mbele ya kompyuta. Kisha akatazama faksi mkononi mwa bosi. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio cha safari hii kingekuwa cha watoto wa watu.

"Bosi," alisema, "hakuna mtu amefuta. Ni mimi. Kile kikasha cha Nashon nilipeleka kwa bibi yake. Majedwali yako ndani."

Bwana Murunga aliligeukia lile tundu tupu.

"Enda ulete," alisema mwishowe.

"Si rahisi hivyo. Hiyo katoni haifunguliwi mpaka wazee wakae. Mjane akiifungua kabla, ni chira."

Nashon alikuwa Mjaluo. Bwana Murunga alikuwa Mluhya kama Mercyline, lakini umekaa Nairobi na Wajaluo majirani, utakosaje kuijua chira? Ni laana inayomfuata mvunja mwiko wa wafu. Inamnyausha yeye, na mara nyingi inaanza na mtoto wake.

"Enda umbembeleze," alisema Bwana Murunga. "Piga magoti ukitaka. Walubengo atakupeleka."

Walubengo, dereva wa pikapu, hakuuliza kitu mpaka walipofika mtaa wa Ayany, ukingoni mwa Kibera, ambako gari lililazimika kubaki. Kutoka hapo waliteremka kwa miguu kuingia kijiji cha Raila, wakipita katikati ya nyumba za mabati zilizokaribiana hata unasikia redio moja nyumba tano. Mercyline alitembea mbele. Kila mtoto aliyemwona akicheza na matope alimtazama mara mbili.

Rosebella Aketch, mjane wa Nashon, alikuwa akifua nje ya mlango. Mwanawe wa pekee, Aoko, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa amelala mgongoni mwake ndani ya leso. Aketch alinyanyuka akiwa na povu mikononi, akafurahi kweli kweli.

"Mercyline! Na hukusema unakuja? Ingieni, ingieni. Niweke chai."

"Mama Aoko, chai tutakunywa siku nyingine. Nimekuja na shida. Ni ile katoni."

Furaha ilimtoka Aketch usoni. Alitazama chini ya kitanda, ndani, kisha akamtazama Mercyline, na machoni mwake mlikuwa na hofu ambayo Mercyline hakuielewa.

"Nani amekwambia?"

"Aniambie nini? Ndani kuna kitu ya kazi, niliiweka bila kujua. Watoto wanaweza kufa, Mama Aoko. Najua wazee hawajakaa. Mimi ndiye nitawaeleza. Nitasimama mbele yao niseme ni mimi."

Aketch hakubishana. Mercyline alikuwa amejiandaa kwa kilio na magoti na kuitiwa mashemeji, lakini yule mama aliinama tu, akaivuta katoni, akarudi nyuma mpaka ukutani kana kwamba iliyomo ni nyoka.

Mercyline alitazama kamba. Yeye hufunga mizigo kwa fundo la godauni, mara mbili na kuvuta, fundo ambalo halifunguki bila kisu. Hili lilikuwa limefungwa kama kamba ya kiatu.

Hata hivyo kasha lilikuwemo, limelala juu ya sweta, na shada la funguo kando yake. Mercyline alilishika kwa mikono miwili na machozi yakamlenga. Limepatikana! Walubengo alipiga kofi moja la furaha mlangoni.

Wangeondoka wakati huo huo, na mengine yasingejulikana mpaka yamechelewa. Lakini kazi ya godauni ina mazoea yake, kwamba hakitoki kitu bila kuhakikiwa. Mercyline alitaka Aketch awe na neno la kuwaambia wazee, kwamba kimetoka kimoja tu na vingine viko kamili. Akatoa mkobani nakala ya ile orodha yake, akaanza kuhesabu kwa kidole. Biblia, moja. Kikombe, kimoja. Sweta, moja. Miwani, moja. Funguo, shada moja. Kasha, moja. Kidole kikafika mstari wa mwisho, mwandiko wake mwenyewe, safi, bila kukwaruza:

*Dawa ya maji ya watoto, chupa 1.*

 Alikumbuka sasa. Chupa ya kahawia, haina kisanduku, kwenye droo ya chini. Aliiona akafikiri masikini, alikuwa anampelekea mtoto wake. Akaifunga ndani ya gazeti isivunjike njiani.

Gazeti lilikuwemo ndani ya katoni, limekunjuliwa. Chupa haikuwemo.

"Mama Aoko," alisema. "Chupa iko wapi?"

Aketch aliangua kilio. "Nilijua! Nilijua mtu atakuja kuuliza. Mtoto alikuwa anachomeka jana, Mercyline. Jumapili, kliniki imefungwa. Ningefanya nini? Nilitoa hiyo moja tu. Sikugusa kitu ingine, haki ya Mungu sikugusa."

"Umempa ngapi?"

"Kijiko jana jioni. Kingine leo asubuhi. Na imemsaidia! Mguse, homa imeshuka."

Homa imeshuka. Mercyline aliiona chupa dirishani, kando ya sabuni. Aliichukua akaielekeza kwenye mwanga, akisoma namba zilizopigwa chini ya lebo, akimwomba Mungu iwe yoyote ile, yoyote, hata ya mwaka juzi.

0417.

"Mama Aoko. Amekojoa saa ngapi?"

 Aketch alipeleka mkono mgongoni, chini ya leso, akapapasa nepi. Akapapasa tena.

"Tangu asubuhi ni kavu," alisema. "Nilidhani ni juu hajanyonya vizuri."

Jinsi walivyoupanda mlima wa kurudi Ayany, Mercyline hakuweza kusimulia baadaye. Alikumbuka kiatu kimoja cha Aketch kilichobaki matopeni. Ndani ya pikapu waliketi watatu mbele na mtoto mapajani, na Mercyline akiandika juu ya goti, herufi zikiruka kila gari liliporuka: *Sukuma kasha mpaka ligonge. Geuza ufunguo. Zima, washa. Tafuta kwa bachi. 0417. Chapisha.* Bwana Murunga aliiogopa kompyuta kama mbwa wa jirani, lakini leo angeishika. Walubengo aliwateremsha lango la hospitali kuu, akachukua kasha na karatasi, akaondoka kwa kasi bila hata kufunga mlango vizuri.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana, na aliposikia habari ya faksi hakuwaweka foleni. Aliichukua chupa, akamtia Aoko mpira wa maji mkononi, akampa Mercyline kikombe cha plastiki.

"Tunahitaji mkojo wake," alisema. "Hata kidogo. Ukitoka, najua figo bado zinafanya kazi. Usipotoka..." Alitazama saa ya ukutani. "Mnikingie tu."

Wakaketi kwenye benchi la wodi. Saa sita. Saa sita na nusu. Maji yalidondoka ndani ya mpira, tone kwa tone, yakaingia ndani ya mtoto, na hayakutoka. Aoko alilala usingizi mzito usiompendeza mama yake wala Mercyline. Sijui kama wewe msomaji umewahi kuomba mkojo kwa Mungu. Mercyline aliuomba kwa majina yote ya Mungu anayoyajua, ya Kibukusu, lugha ya kwao, na ya Kiswahili, na Aketch kando yake akauomba kwa Kijaluo.

"Ni chira," Aketch alinong'ona. "Nashon amekasirika. Nilifungua vitu vyake kabla ya wakati. Nimemuua mtoto wake."

 Na aibu iliyoje, kuna sehemu ndani ya Mercyline iliyopata nafuu! Chira haina mwandiko. Chira haifungi chupa ndani ya gazeti. Angenyamaza, mama huyu angejilaumu mwenyewe mpaka kaburini, wazee wangekubaliana naye, na hakuna mtu duniani ambaye angewahi kuuliza nani aliipeleka ile chupa Raila.

Saa saba na robo Walubengo aliingia akihema. Pikapu ya pili ilikuwa imeshatoka, alisema, na Bwana Murunga mwenyewe ametoka na gari lake. Milango kumi na mmoja! Si mia mbili, ni kumi na mmoja, na minne ya kwanza wameshaifikia, chupa zimeng'olewa rafuni. Lakini bosi alisema Mercyline auone mstari wa mwisho. Akamkabidhi karatasi ndefu ya printa yenye matundu pembeni.

Mstari wa mwisho uliingizwa Jumamosi ya tarehe thelathini na moja Mei. Mahali pa jina la mteja, Nashon aliandika: *Chupa 1 imerudishwa na kliniki, ina harufu mbaya. Iko droo yangu ya chini. ISITOKE. Nitapiga simu kiwandani Jumatatu.*

Jumatatu ndiyo siku aliyougua.

Mercyline aliusoma mstari huo mpaka herufi zikachanganyika. Yule bwana alijua. Alijua kabla ya kiwanda, akaifungia chupa mahali salama, akaandika kila kitu kama kawaida yake. Aliyeitoa ni yeye, Mercyline, kwa heshima na utu na kamba ya katani.

Alitoa orodha yake, akaiweka mapajani mwa Aketch pamoja na ile karatasi ya printa.

"Soma," alisema. "Si chira, Mama Aoko. Usiseme chira tena. Huu hapa mwandiko wa Nashon, alisema isitoke. Na huu ni wangu. Mimi ndiye nilitoa kwa droo. Mimi ndiye nilikuletea. Wewe ulimpa mtoto wako dawa kama mama yeyote."

Aketch alisoma. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, na alipofika kwa *isitoke* kidole kikakaa pale. Walubengo aligeukia dirisha. Mercyline alingoja kofi, matusi, chochote.

"Ulijua?" Aketch aliuliza.

"Sikujua."

"Haukusoma hata chupa?"

"Sikusoma."

 Aketch alimtoa Aoko kifuani, akamtazama usoni, kisha akamweka mapajani mwa Mercyline, mpira na vyote.

"Basi mshike," alisema. "Mikono yangu imekufa ganzi. Mshike na wewe uone vile inakuwa."

Mercyline alimshika. Alikuwa mzito kama watoto wanavyokuwa wakilala, na kichwa chake kilinuka moshi wa jiko na sabuni ya kipande. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi. Mercyline aliinamisha uso juu ya nywele za mtoto na kulia bila sauti, maana hakujua afanye nini kingine.

Ndipo akahisi joto. Dogo kwanza, kwenye paja la kushoto, kisha likaenea.

"Kikombe!" Aketch alipiga kelele, akaruka. "Kikombe, Mercyline! Kikombe kiko wapi?"

Kikombe kilikuwa chini ya benchi, Walubengo akakipiga teke kwa papara, kikaviringika mpaka mlangoni. Mercyline alikuwa ameshafungua nepi. Akakinga viganja vyake viwili, akavibana visivuje hata tone, na mkojo wa Aoko ukajaa humo, ukafurika, ukamchuruzika hadi viwikoni.

"Daktari!" aliita, akicheka na kulia, asithubutu kusogea. "Daktari, kuja! Kuja haraka, iko hapa!"